Basi Kuingia Mtaani: Nani Aliulizwa Dar es Salaam?

Dar es Salaam ilikua kwa kufuata barabara nne: Bagamoyo upande wa kaskazini, Morogoro upande wa magharibi, Pugu, ambayo leo inaitwa Nyerere, upande wa kusini-magharibi, na Kilwa upande wa kusini. Nyumba zilitangulia kando ya barabara hizo, kisha zikajaza mabonde na miinuko iliyo kati yake. Mabasi hayakwenda kwa mwendo huohuo. Yalibaki kwenye lami. Ndiyo maana, tangu enzi za ukoloni, mgogoro mkubwa wa usafiri katika jiji hili haukuwa juu ya basi liishie wapi. Hilo lilijulikana: Kariakoo au Posta. Mgogoro ulikuwa juu ya lini basi litaiacha lami na kuingia mtaani, litapita mbele ya nyumba za nani, na neno la mwisho atalisema nani. Mara nyingi husemwa kwamba katika mambo haya wananchi hawajawahi kuulizwa. Historia inaonyesha kitu tofauti kidogo, na pengine kizito zaidi. Kwa miongo minne wakazi wameulizwa kila siku, lakini wameulizwa kwa nauli, na katika kura ya namna hiyo asiye na nauli kamili hahesabiwi.

Wakati wa Waingereza hata kura hiyo ya nauli ilikuwa nyembamba. Mpango mkuu wa 1949, uliotayarishwa na wahandisi wa Sir Alexander Gibb and Partners, uliyagawa makazi kwa kipimo cha msongamano, na kipimo hicho kikaangukia kwenye rangi za watu: viwanja vipana vya Oyster Bay kwa Wazungu, katikati ya mji kwa Wahindi, na Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke kwa Waafrika. Mabasi ya mji yalikuwa mikononi mwa kampuni moja binafsi yenye mtaji wa Kiingereza, iliyofahamika kwa herufi zake, DMT. Kampuni isiyo na mshindani haina haja ya kuukimbilia mtaa wenye mchanga na mashimo. Inangoja abiria wamfuate dereva barabarani. Njia za mabasi zilikuwa jambo la kampuni na mamlaka ya leseni. Mkazi wa Temeke aliyetaka gari lisogee karibu na kwake, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, hakuwa hata na diwani aliyemchagua wa kumpelekea ombi lake.

Uhuru ulimbadilisha mwenye mabasi kabla ya kuubadilisha utaratibu. DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: mabasi ya mikoani yakaenda KAMATA, ya mjini yakaenda Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Hoja ya kutaifisha ilikuwa na nguvu, kwani nauli ilipaswa kulingana na mshahara wa mfanyakazi, si na faida ya mwenye hisa aliye ng'ambo. Lakini mwaka 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, serikali ilikuwa imezifuta halmashauri, na za miji hazikurudi hadi 1978. Hivyo UDA ilizaliwa katika jiji lisilo na baraza la madiwani, miaka ileile ambayo watu walikuwa wakiongezeka kwa kasi kubwa. Sensa ya 1967 iliwakuta wakazi wapatao 270,000; ya 1978 ikawakuta zaidi ya 750,000. Katikati ya miaka ya 1970 mradi wa viwanja na huduma, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na ukapitisha barabara ndani ya Manzese. Mtaa ukapata ramani, ukapata na upana wa kupita gari kubwa, lakini basi likachelewa. Bei ya mafuta ilipanda baada ya 1973, vita vya Kagera vikala fedha za kigeni, vipuri vikaadimika, na magari ya UDA yakalala gereji. Shirika lililoshindwa kujaza njia zake za barabarani lisingeweza kufikiria kuzirefusha hadi vichochoroni.

Pengo hilo lilizibwa na watu wenyewe. Magari ya thumni, yaliyobeba abiria kinyume cha sheria, yalikuwa yakikimbizana na polisi katika miaka ya 1970, na mwaka 1983 serikali ikakubali yaliyokwisha kutokea kwa kuruhusu watu binafsi wafanye kazi pembeni ya UDA kwa kuilipa ada. Ndipo daladala zikapata uhalali. Tangu hapo ramani ya njia za ndani imechorwa na uchumi mdogo unaoeleweka na kila aliyewahi kusimama kituoni. Dereva na konda hawana mshahara wa uhakika. Kila jioni wanampelekea tajiri hesabu iliyopangwa, wanajaza mafuta, na kinachobaki ndicho chao. Kwa hiyo dereva anayesikia kwamba ng'ambo ya bonde kuna nyumba mpya na abiria wanaotembea nusu saa hadi barabarani, huingia siku moja kujaribu. Akitoka amejaa, kesho wanaingia watatu. Vituo vinazaliwa kwa abiria kumwambia konda amshushe wapi, na ndiyo maana vina majina ambayo hakuna ofisi ingeyabuni: Tandale kwa Mtogole, Kwa Aziz Ali, Sinza Kijiweni, Manzese Tip Top, na Kwa Remmy, kwa heshima ya mwanamuziki Remmy Ongala. Leseni, rangi ya mstari ubavuni na jina la ruti mbele ya gari mara nyingi vilikuja baadaye, kuandika kilichokwisha kuamuliwa barabarani.

Wapo wanaosema kwamba huo ndio ushirikishwaji bora kuliko wote: hakuna kikao, hakuna posho, hakuna hotuba, mtaa unaotaka basi unapanda, usiolitaka haupandi, na ruti inakufa. Hoja hii haipaswi kubezwa, kwa sababu UDA yenye mipango na DMT yenye haki ya pekee hazikufika Tandale kwa Mtogole kama daladala zilivyofika. Lakini tuangalie kura hiyo inawahesabu nani. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo konda mwenye hesabu kichwani humwacha kituoni. Mgonjwa anayekwenda kliniki saa nne asubuhi hatoshi kulivuta gari kwenye njia ambayo saa hiyo haina watu. Jioni, wakati mahitaji yanapokuwa makubwa, dereva hukatisha ruti na kugeuza kabla ya mwisho, na wanaoumia ni walewale wa ndani kabisa ambao ruti ilirefushwa kwa ajili yao. Masika yakifika na barabara ya udongo ikawa tope, gari linarudi kwenye lami bila kumtaarifu mtu. Na yuko asiyepanda kabisa: mwenye nyumba iliyo hatua chache kutoka kwenye tairi, anayekula vumbi na kuwachunga watoto wasikimbilie barabarani. Yeye hana nauli ya kuinyima daladala, maana hakuwa abiria wake. Soko lilimsikia abiria wa saa moja asubuhi vizuri sana, na wengine likawasikia kwa shida au lisiwasikie kabisa.

Kama ingekuwa kweli kwamba wakazi wa jiji hili hawawezi kukaa, kubishana na kuamua mambo ya mitaa yao, basi tungeridhika na kura ya nauli. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa kugeuza eneo lao kuwa jalala. Walishinda, na baada ya halmashauri kuomba nyongeza ya muda mara kadhaa, jalala likahamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu hao hawakuishia kwenye kesi. Waliunda mfuko wa maendeleo wa kushughulikia barabara na huduma nyingine, na wa Kijitonyama nao wakaunda chama chao. Hanna Nassif, katika miaka ya 1990, wakazi walishiriki kwa mikono yao kuchimba mitaro na kutengeneza barabara za ndani kwa msaada wa mashirika ya kimataifa. Kazi kama hiyo haifanyiki bila kuulizana maswali magumu: mfereji upite wapi, nani asogeze ukuta, nani achangie nini. Hayo ni maswali mazito kuliko la kama basi lipite mtaa wa kwanza au wa tatu.

Sheria nazo zinaijua kazi hiyo ya kuwasikiliza wakazi, ila zimeizungushia ukuta pande mbili na kuacha upenyo katikati. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kuwapelekea wananchi madaraka. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka mpango wa eneo uwekwe hadharani na maoni yapokewe kabla ya kupitishwa. Tangu ilipoundwa mamlaka ya kudhibiti usafiri, SUMATRA, kwa sheria ya 2001, na baadaye mrithi wake LATRA kwa sheria ya 2019, nauli haibadilishwi bila wadau kuitwa kutoa maoni. Kwa maneno mengine, mkazi anasikilizwa juu ya kiwanja kitakavyotumika na juu ya shilingi atakazolipa, lakini njia yenyewe ya basi imeangukia katikati. LATRA inatoa leseni ya ruti, TARURA tangu 2017 inashughulikia barabara za mitaa, halmashauri ina vituo, polisi wa usalama barabarani wana amri ya kupita au kutopita. Mkazi mwenye lalamiko halali anaweza kuzunguka milango minne na kila mmoja ukamwelekeza kwa mwingine. Ujio wa mabasi yaendayo haraka mwezi Mei 2016 uliongeza uzito wa jambo hili. Njia ya kilomita 20.9 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, iliziondoa daladala kwenye Barabara ya Morogoro na kuzipangia njia nyingine. Mfumo wa namna hiyo unategemea magari mlisho yanayotoka ndani ya makazi. Kadiri njia kuu zinavyoongezeka, ndivyo swali la mitaa gani ipitiwe litakavyorudi mara nyingi zaidi.

Pingamizi la kwanza ni la muda: abiria anatembea kwenye jua leo, na kikao kitamchelewesha mwaka mzima. Lakini kilichochelewesha mabasi katika historia tuliyoieleza ni ukosefu wa mtaji, vipuri na barabara. Hakuna hata hatua moja iliyokwama kwa sababu wakazi waliulizwa mno. Pingamizi la pili ni zito zaidi: wenye nyumba watauteka mkutano. Wapangaji, ambao ndio abiria wengi, watanyamaza mbele ya wenye nyumba wao, na mtaa wenye kuta ndefu utasema basi likapite kwa jirani maskini. Hatari hiyo ipo, na mgawanyo wa 1949 unatukumbusha kwamba jiji hili linajua sana kuupeleka usumbufu upande usio na sauti. Ila tiba yake si kuufuta mkutano. Ni kuukataza usiwe na kura ya turufu, na kumlazimisha anayetoa leseni aandike hadharani alichosikia, kutoka kwa nani, na kwa nini ameamua alivyoamua. Wapo pia watakaosema mikutano ya mitaa huhudhuriwa na wachache na kugeuzwa jukwaa la vyama. Ni kweli mara nyingi, hasa ajenda inapokuwa taarifa ya mapato na michango. Lakini suala la gari litakalopita mbele ya mlango linawatoa watu ndani, kama jalala lilivyowatoa watu wa Tabata.

Utaratibu unaofaa hauhitaji kuletwa kutoka mbali, kwa sababu nusu yake wenye daladala wameshaibuni. Dereva aliyeingia mtaani kujaribu alifanya jambo la busara: hakubashiri mahitaji akiwa ofisini, aliyapima kwa gari lenyewe, na iliposhindikana akaondoka bila hasara kubwa. LATRA na halmashauri zinaweza kuirasimisha desturi hiyo kwa kutoa kibali cha majaribio cha miezi michache kinachojumuisha masika, kwa sharti la kufika mwisho wa ruti na kubeba wanafunzi, kisha kuitisha mkutano mkuu wa mtaa baada ya watu kuona vumbi, kelele na unafuu kwa macho yao badala ya kuvikisia. Hapo mwenye nyumba atazungumzia gari analolijua, mpangaji ataonyesha muda aliouokoa, mwalimu atasema watoto wangapi waliachwa kituoni, na leseni ya kudumu itatolewa au kunyimwa kwa sababu zinazosomeka. Nauli itaendelea kuhesabiwa, maana hakuna basi linaloendeshwa kwa nia njema peke yake. Itapoteza tu cheo ilichojitwalia tangu 1983, cha kuwa mjumbe pekee mwenye haki ya kusema njia ipite wapi.