Viti Vinne: Historia ya Kwateti ya Nyuzi ya Wacheki

Kwateti ya nyuzi ni muziki wa watu wanne: wawili hupiga fidla, mmoja viola na mmoja selo. Kondakta hayupo, wala hakuna mahali pa kujificha. Mmoja akikosea, ukumbi mzima unasikia. Viola ina umbo la fidla ila ni kubwa kidogo na sauti yake imeshuka. Kazi yake ya kawaida ni kujaza katikati, fidla zikiimba juu na selo, ile ile inayoonekana katika vikundi vya taarab vya Unguja, ikishikilia chini. Muziki huu ulipata sura yake katika nusu ya pili ya karne ya 18, kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Joseph Haydn wa Austria. Walioufanya kuwa kama mali ya ukoo ni Wacheki wa Bohemia na Moravia, nchi mbili zilizotawaliwa kutoka Vienna hadi 1918. Kwao mtunzi mara nyingi alikuwa pia mmoja wa wale wanne, na kiti chake aghalabu kilikuwa kile cha katikati ambacho wasikilizaji hawakitazami sana.

Mzizi wa jambo hili ni shule ya kijiji. Mwalimu wa Kicheki, aliyeitwa kantor, alifundisha kusoma na kuhesabu siku za kazi, na Jumapili akaongoza muziki kanisani. Waimbaji na wapigaji wake aliwatoa darasani. Charles Burney, Mwingereza aliyezunguka Ulaya akichunguza habari za muziki, alipita mji wa Čáslav mwaka 1772 akakuta shule iliyojaa watoto wa kike na wa kiume, wengine wakisoma na kuandika, wengine wakipiga fidla, obo na vyombo vingine. Kelele zake mtu anaweza kuzikisia. Mtoto aliyejua chombo alikuwa na tumaini la ajira, kwa kuwa makabaila wengi walipenda mtumishi wa kuwaandalia meza mchana na kuwapigia fidla usiku.

Ila nafasi hizo hazikutosha, na waliokuwa na kipaji waliondoka. František Xaver Richter wa Holešov, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kutunga kwateti, alipata kazi Mannheim. Jan Křtitel Vaňhal, aliyezaliwa katika familia ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, alijinunulia uhuru wake na kufanya maisha Vienna. František Kramář, ambaye Wajerumani walimwita Krommer, alitunga kwateti zaidi ya 70 na mwaka 1818 akawa mtunzi wa ikulu ya mfalme huko huko Vienna. Kwa hiyo kwateti za Wacheki zilikuwepo tele, lakini zilikuwa za ugenini, na ni vigumu kuzisikia na kusema kwa uhakika kwamba hii ni ya Mcheki na ile ya Mwaustria. Prague ilifungua konsavatori yake mwaka 1811, na matunda yake yalichukua muda kuiva.

Mabadiliko yaliletwa na mtu aliyekuwa kiziwi. Bedřich Smetana, kondakta wa opera mjini Prague, alipoteza usikivu wa masikio yote mawili mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 50. Aliacha kazi, akahamia kwa binti yake kijijini Jabkenice, na mwaka 1876 akatunga kwateti katika ufunguo wa E mdogo aliyoipa jina la Kutoka Maishani Mwangu. Hadi wakati huo kwateti ilihesabiwa kuwa muziki mtupu, usiosimulia chochote. Smetana alisimulia. Sehemu ya kwanza ni ujana na hamu ya sanaa. Ya pili ni polka, ngoma ya vijana wa Bohemia. Ya tatu ni penzi la msichana aliyekuja kuwa mke wake na ambaye kifua kikuu kilimuua mwaka 1859. Sehemu ya nne huanza kwa furaha kama ya sherehe ya kijiji. Ghafla inakatika. Chini nyuzi zinatetemeka, na juu yake fidla ya kwanza inashika noti moja, E ya juu sana, nyembamba kama sindano, na kuendelea kuivuta. Ndiyo mlio uliokuwa ukipiga masikioni mwake kabla ya ukimya kuingia. Baada yake nyimbo za mwanzo zinarudi vipande vipande, hazina nguvu tena, na muziki unazimika kwa nyuzi kudonolewa kwa vidole.

Chama kimoja cha muziki wa aina hii mjini Prague kiliikataa kazi hiyo, kikisema ni ngumu kupita kiasi na inafaa okestra kuliko watu wanne. Ikabidi isikike kwanza nyumbani, mbele ya marafiki, mwaka 1878, kabla ya kupigwa hadharani mwaka uliofuata. Katika jioni ile ya nyumbani viola ilishikwa na Antonín Dvořák. Hilo si jambo dogo, kwa sababu kwateti hii haianzi na fidla. Baada ya pigo moja la wote, ni viola inayoingia peke yake na wimbo mkuu, huku wengine wakinong'ona nyuma yake. Dvořák alikuwa mtoto wa mchinjaji na mwenye nyumba ya wageni wa kijiji cha Nelahozeves. Tangu 1862 hadi 1871 aliishi kwa mshahara wa mpiga viola katika okestra ya jumba la maonyesho la Prague, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kondakta wake alikuwa Smetana mwenyewe. Aliijua kwateti kutoka ndani, kama fundi anavyoijua nyumba aliyoijenga.

Dvořák alitunga kwateti 14. Inayojulikana kuliko zote aliiandika mbali na kwao. Mwaka 1893, alipokuwa mkurugenzi wa konsavatori mjini New York, alikwenda kupumzika Spillville, kijiji cha wahamiaji wa Kicheki katika jimbo la Iowa. Alifika mwanzoni mwa Juni. Rasimu nzima aliiandika kati ya tarehe 8 na 10, na tarehe 23 kazi ikawa imekamilika. Nyimbo zake nyingi zinatembea juu ya noti tano tu, na katika sehemu ya tatu amemwingiza ndege mwekundu wa huko aliyekuwa akimsumbua kwa kelele. Watu wamebishana miaka mingi kama noti hizo tano ni za Wamarekani weusi, za Wahindi Wekundu au za Bohemia. Mabishano hayo hayana mwisho wa maana, kwani ngazi ya noti tano iko karibu kila mahali duniani. Linaloonekana wazi zaidi ni kwamba hapa pia, kama kwa Smetana, fidla zinatetemeka na viola ndiyo inayofungua wimbo. Mara ya kwanza ilijaribiwa hapo hapo kijijini: Dvořák kwenye fidla ya kwanza, na viti vitatu vilivyobaki vikashikwa na watu wa nyumba ya Kovařík, mwalimu wa kijiji. Ukantor ulikuwa umevuka bahari.

Wakati huo Prague ilikuwa imepata wapigaji wa kazi hizi. Mwaka 1891 wanafunzi wanne wa konsavatori, waliofundishwa na Hanuš Wihan, waliunda Kwateti ya Kicheki: Karel Hoffmann na Josef Suk kwenye fidla, Oskar Nedbal kwenye viola, Otto Berger kwenye selo. Mwaka 1893 walipiga Vienna na jina lao likatoka nje ya mipaka. Suk na Nedbal walikuwa pia wanafunzi wa Dvořák wa utunzi, na mwaka 1898 Suk alimwoa Otilie, binti wa mwalimu wake. Berger alipougua, nafasi yake ilichukuliwa na Wihan mwenyewe, yaani mwalimu aliingia kukaa na wanafunzi wake na akabaki nao karibu miaka 20. Kundi hilo lilidumu zaidi ya miaka 40. Suk, ambaye leo anakumbukwa kama mtunzi mkubwa wa okestra, alitumia karibu muda huo wote kwenye kiti cha fidla ya pili, akitunga kati ya treni moja na nyingine. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, wapigaji walilazimishwa kuanza matamasha kwa wimbo wa taifa wa Austria. Suk akajibu mwaka 1914 kwa kipande kifupi juu ya wimbo wa kale wa kumwomba Mtakatifu Wenceslas, mlinzi wa Bohemia, ili kipigwe mara baada ya ule wa mfalme. Polisi hawakuwa na cha kushitaki. Ulikuwa wimbo wa kanisa.

Kundi hilo ndilo lililomwagiza Leoš Janáček wa Brno kwateti yake ya kwanza. Aliiandika kwa siku chache, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1923, akiwa na miaka 69. Ilitokana na hadithi ya Tolstoy kuhusu mume anayemuua mkewe kwa wivu juu ya mpiga fidla. Tolstoy alimpa mume nafasi ya kusimulia. Janáček aliupeleka moyo wake kwa mwanamke. Upinde unasuguliwa karibu kabisa na daraja la chombo, pale ambapo sauti hukwaruza kama kucha kwenye bati, na walioizoea laini ya Dvořák walishtuka. Ya pili, Barua za Siri, aliimaliza ndani ya wiki tatu mwanzoni mwa 1928. Ilimhusu Kamila Stösslová, mke wa mtu, aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 35 na ambaye Janáček alimwandikia barua zaidi ya 700. Sauti ya kati alikusudia kuipa viola ya kale iitwayo viola d'amore, viola ya mapenzi; mazoezini ikaonekana haifai, akarudi kwenye ile ya kawaida. Aliisikia mazoezini tu. Alifariki Agosti 12 mwaka huo, na Septemba ikapigwa hadharani Brno bila yeye.

Miongoni mwa wanafunzi wa Janáček alikuwepo Pavel Haas, Myahudi wa Brno. Kwateti yake ya pili, Kutoka Milima ya Nyani, ya mwaka 1925, imechukua jina ambalo watu wa Brno waliwapa kwa utani milima ya mpakani mwa Bohemia na Moravia. Katika sehemu ya mwisho aliongeza mtu wa tano: mpiga ngoma za jazi. Ilipopigwa 1926 wakosoaji hawakuzipenda ngoma zile, naye akaziondoa. Wajerumani waliikalia nchi mwaka 1939, na Desemba 1941 Haas alipelekwa Terezín, mji wa ngome uliogeuzwa kambi ya Wayahudi. Humo kwateti ziliendelea kupigwa na hata kutungwa: Viktor Ullmann aliandika ya kwake ya tatu huko mwaka 1943. Oktoba 1944 wote wawili walisafirishwa Auschwitz na kuuawa.

Vita vilipokwisha, mnyororo ulishikwa na vijana wengine wa konsavatori. Kundi lao, Kwateti ya Smetana, lilianza matamasha mwaka 1945 na kuacha 1989. Václav Neumann, mmoja wa waanzilishi, alitoka mapema na baadaye akawa kondakta mkuu wa okestra ya Czech Philharmonic. Kundi lilijulikana kwa desturi moja: kupiga bila karatasi. Nyimbo walizozichagua walizijifunza kwa moyo, kisha wakakaa jukwaani bila vishikio vya noti, macho kwa macho. Kwateti ya Janáček ya Brno, iliyoanza 1947, ilifanya vivyo hivyo. Chini ya serikali ya kikomunisti ziara za nje zilipangwa na wakala wa serikali, na makundi kama haya yalivuka mipaka ambayo raia wa kawaida hakuruhusiwa kuikaribia. Aprili 1972 Kwateti ya Smetana ilirekodi Mozart mjini Tokyo kwa mashine mpya ya kampuni ya Denon, iliyogeuza sauti kuwa tarakimu, miaka kumi kabla santuri ndogo za CD hazijaingia madukani.

Mpiga viola wa Kwateti ya Smetana tangu 1956, Milan Škampa, alifundisha vijana wengi. Kundi moja la wanafunzi lilichukua jina lake mwaka 1989. Jingine, lililoanzishwa 2002 na mpiga fidla Veronika Jarůšková, lilisoma kwake na kujiita Kwateti ya Pavel Haas. Rekodi yao ya kwanza, ya 2006, iliweka Barua za Siri za Janáček pamoja na Milima ya Nyani ya mwanafunzi wake, na katika sehemu ya mwisho ngoma zilizoondolewa miaka 80 iliyotangulia zinasikika tena.