Risasi, Shaba na Plastiki: Historia Iliyomo Ukutani



Juzi mdogo wangu anayejenga Kisauni, Mombasa, alinipigia simu: "Kaka, maji ya nyumbani niyapitishe kwenye bomba gani?" Sikumjibu palepale, maana saa hiyo hiyo fundi alikuwa amenikatia ukuta hapa Apple Valley akitafuta bomba langu linalovuja.

Nyumba yangu ni ya 1974 na mabomba yake ni ya shaba. Mji wenyewe bado mchanga. Kabla ya 1969 paliitwa Lebanon Township, mashamba tu, ingawa mjenzi Orrin Thompson alishaanza kupanga nyumba zake miaka ile ya 60. Kwa hiyo hatukurithi mabomba ya risasi kama nyumba za kale za Saint Paul. Lakini tusijisifu mapema. Shaba ya wakati huo iliunganishwa kwa lehemu, na lehemu ya kawaida ilikuwa nusu bati, nusu risasi. Marekani iliipiga marufuku kwenye maji ya kunywa 1986. Mjukuu wangu ana miezi minane, na maziwa yake ya unga yanakorogwa kwa maji haya.

Na si kwamba watu hawakujua. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, karne ya 1 kabla ya Kristo, alishauri mabomba ya udongo, akitaja jinsi mafundi wa risasi walivyopauka. Nani alimsikia? Risasi hupindika bila kuvunjika na haili kutu kama chuma. Fundi aliipenda, na fundi ndiye anayeamua. Waingereza hata jina la fundi bomba wamelitoa kwenye plumbum, yaani risasi kwa Kilatini. Sisi bomba tumelipata kwa Wareno, afadhali. Huko Flint, Michigan, 2014, walibadilisha chanzo cha maji bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe, na watoto wakanywa risasi. Oktoba 2024 ndipo serikali kuu ilipotoa kanuni ya kuyang'oa mabomba hayo karibu nchi nzima kwa miaka kumi.

Shaba ina habari yake, na kwetu ni ya karibu: kutoka 1971 hadi 1997 Katanga iliitwa rasmi Shaba, kwa Kiswahili chetu. Bei ndiyo iliyoiponza. Mwaka 2003 ratili moja ilikuwa chini ya dola moja. 2006 ikapita dola tatu na nusu, wezi wakaanza kung'oa mabomba kwenye nyumba tupu.

Wajenzi walishakimbilia plastiki. Ya kwanza kupendwa, polibutilini, ilitiwa majumbani toka 1978 hivi mpaka 1995. Klorini ya maji ikaila, ikapasuka ndani ya kuta, na kesi ikaishia kwa fidia ya takriban dola milioni 950. Mrithi wake ni PEX, polithini ambayo nyuzi zake zimefungamanishwa, kazi ya Mjerumani Thomas Engel mwaka 1968. Wasweden wa Wirsbo waliichukua 1972, wakaja kuitengeneza hapa hapa Apple Valley. Kampuni ikaitwa Uponor, na 2023 ikanunuliwa na Georg Fischer wa Uswisi. Yaani natafuta bomba, kumbe jirani yangu ndiye alilolileta!

Fundi wangu anasema PEX hutanuka maji yakiganda, kwa hiyo si rahisi kupasuka. Kwa baridi ya huku hiyo si hoja ndogo. Mke wangu anasema polibutilini nayo ilisifiwa hivyo hivyo, na hajakosea. Hata PEX majuma ya mwanzo inaweza kuyapa maji ladha na harufu. Nimekubali kubadilisha nyumba nzima hata hivyo, kwa sababu hasara ya bomba kupasuka naijua, na ya risasi kichwani mwa mtoto hairudishiki.

Mdogo wangu nimemwambia hivi: bomba la chuma aliache, maji ya kisima ya pwani yana chumvi, litaoza. Atie PPR, lile linalounganishwa kwa moto, maana mafundi wa huko wamelizoea. Asiliache juani kuelekea kwenye tangi la darini. Na vile viungo vya shaba nyeupe na njano avinunue vilivyoandikwa havina risasi. Ameniuliza, "Na bei je?" Hapo simu ikakatika.