Jarida lililosomwa kuanzia nyuma

Mtu anaponunua gazeti, mara nyingi hanunui gazeti zima. Ananunua pembe yake moja. Huyu anakwenda moja kwa moja kwenye michezo, yule kwenye vibonzo, mwingine kwenye barua za wasomaji aone nani kamjibu nani. Ile habari kubwa ya ukurasa wa kwanza, aliyoihangaikia mhariri usiku kucha, itangoje. Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tulizungumzie jarida moja la Marekani ambalo wasomaji wake walikuwa na tabia hiyo hiyo, na pembe zake zikawa na nguvu kuliko alivyotazamia mwenye mali.

Jarida hilo liliitwa Dragon, yaani Joka. Toleo la kwanza lilitoka Juni 1976 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na mchapishaji alikuwa kampuni ya TSR. Ndiyo kampuni iliyotoa, mwaka 1974, mchezo wa Dungeons & Dragons uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa asiyeujua mchezo huo, hauhitaji ubao kama drafti, wala mwisho wake hakuna anayetangazwa mshindi. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia: kuna pango, kuna mlango uliofungwa, nyuma ya mlango pana kitu kinachokoroma. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, askari au mchawi au mwizi, naye anasema atafanya nini. Penye shaka, dadu hutupwa. Ni hadithi ya usiku ambayo wasikilizaji wameruhusiwa kuidakia.

Sasa, mchezo wa namna hiyo huzaa mabishano. Kijana anadai uchawi wake unapenya ukuta, mwenzake anasema haupenyi, na kitabu cha kanuni kimenyamaza. Novemba 1979, katika toleo la 31, ikaanza safu iliyoitwa Sage Advice, yaani Ushauri wa Mjuzi. Aliyeianza ni Jean Wells, mwanamke wa kwanza kuajiriwa na TSR kubuni michezo. Baada yake ilipita mikononi mwa wengine hadi ikamfikia Skip Williams, aliyeishika tangu miaka ya 1980 mpaka karne ikageuka. Watu waliuliza habari za dunia isiyokuwepo, nao wakajibiwa kwa uzito wa hakimu wa rufani. Mimi hilo hunichekesha kidogo, kwa maana vitabu vyenyewe vilikwisha kusema kwamba anayeendesha mchezo ndiye mwenye neno la mwisho mezani pake. Uhuru walikuwa nao. Walichotaka ni mtu wa mbali, mwenye jina, awaambie kwamba wamepatia.

Pembe nyingine ilianza Aprili 1983, toleo la 72. Hii ilieleza maisha ya mazimwi kama vile mwalimu wa elimu ya viumbe aelezavyo maisha ya kenge: linakula nini, linazaaje, linalala wapi. La kwanza kuchambuliwa lilikuwa dubwana linalofanana na jiwe lining'iniapo kwenye dari la pango, likimngoja mpita njia ili limdondokee kichwani. Angalia kwamba makala hiyo haikuzaliwa Lake Geneva. Ilikuwa imetoka kwanza katika kijarida cha wapenzi wa mchezo huko Uingereza.

Hapo ndipo panapopendeza katika historia ya jarida hili. Kampuni ililianzisha ili liuze bidhaa zake, hakuna ubaya, biashara ni biashara. Lakini waliojaza kurasa zake walikuwa kwa sehemu kubwa wachezaji wenyewe, kila mtu na kazi yake ya mchana. Mmoja wao alikuwa Ed Greenwood, mfanyakazi wa maktaba nchini Kanada. Mwaka 1982 alianza mfululizo wa Pages from the Mages, akieleza vitabu vya uchawi: jalada la namna gani, nani alikiandika, kiliibwa na nani, kikaonekana wapi mara ya mwisho. Habari zote hizo, alisema, aliambiwa na mchawi mzee mwenye ndevu aitwaye Elminster. Msomaji aliyetafuta uchawi mpya wa kutumia Jumamosi alijikuta ameokota pia jina la mto, la mji, la mfalme aliyepinduliwa. Greenwood alikuwa ameanza kuitungia dunia hiyo hadithi tangu utoto wake, kabla mchezo wenyewe haujabuniwa.

Mwaka 1985 Gygax alisukumwa nje ya uongozi wa kampuni aliyoianzisha. Mwaka 1987 TSR ikatoa dunia ya Greenwood, iliyokwisha kuinunua, ndani ya sanduku lenye ramani, kwa jina la Forgotten Realms. Vijana wanaocheza Baldur's Gate kwenye kompyuta, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1998 na ya tatu mwaka 2023, wanatembea katika nchi ambayo wasomaji wa Dragon waliijua kipande kipande kupitia safu ya jarida.

Lakini wengi, nasema, walianzia nyuma, kwenye vibonzo. Toka Septemba 1977 walimkuta huko Wormy, joka mkubwa anayevuta sigara nene na kucheza biliadi, amezungukwa na mazimwi wenye akili fupi na mbilikimo wenye hasira. Mchoraji wake, Dave Trampier, ndiye aliyechora pia jalada la kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, lile la wezi wawili wanaong'oa jicho la kito kwenye sanamu kubwa. Rangi zake zilikuwa za mtu asiye na haraka.

Wormy alitokea mara ya mwisho Aprili 1988, toleo la 132, hadithi ikiwa katikati. Kisha kimya. TSR ilimpelekea Trampier hundi za malipo yake, zikarudi bila bahasha kufunguliwa. Wengi wakaamini amekufa.

Mwaka 2002 gazeti la wanafunzi wa chuo kikuu mjini Carbondale, jimbo la Illinois, lilichapisha habari kuhusu kazi ya dereva wa teksi usiku, pamoja na picha na jina la dereva: David Trampier. Waliomfuata kumwomba arudi kuchora, hakuwakubalia.

Wakati huo TSR yenyewe ilikwisha kuzama katika madeni na kununuliwa na Wizards of the Coast, mwaka 1997. Miaka miwili baadaye matoleo 250 ya kwanza ya Dragon yakatiwa kwenye diski za kompyuta, vibonzo na vyote, ukazuka mzozo juu ya haki za watunzi ambao hawakuulizwa. Toleo la mwisho la karatasi, la 359, lilitoka Septemba 2007. Jarida likaendelea kwenye intaneti hadi mwaka 2013.

Trampier alifariki Machi 24, 2014, akiwa na umri wa miaka 59. Majuma machache tu yalikuwa yamebaki kabla ya mkutano wa wachezaji hapo hapo Carbondale, ambako alikuwa amekubali, hatimaye, kuonyesha picha zake. Hadithi ya Wormy imekomea pale alipoiacha, toleo la 132.