Ukikloni faili, mmiliki ni nani? Mambo ya kujua kabla data haijavuja

Kama unatumia iPhone, teknolojia hii unayo mkononi. Tangu iOS 10.3 ya mwaka 2017, Apple inatumia mfumo wa mafaili uitwao APFS, wenye uwezo wa kukloni. Kwenye Linux, Btrfs na XFS nazo zinaweza.

Kukloni ni nini?
Ni kutoa kopi bila kuandika data upya. Mafaili mawili yanatumia data ileile kwenye diski. Ukibadilisha moja, kile kipande kilichobadilika tu ndicho kinaandikwa pembeni. Ndiyo maana kopi ya video nzito inatokea fasta na nafasi karibu haipungui.

Je, na umiliki wanachangia?
Hapana. Jina la mmiliki na ruhusa za kusoma au kuandika havikai ndani ya data. Vinakaa kwenye rekodi ya faili, na kila kloni ina rekodi yake. Ukibadilisha ruhusa za moja, nyingine haiguswi.

Ukikloni faili moja
Kwenye Linux, amri ni cp --reflink=always. Faili jipya linakuwa la aliyeendesha amri. Yaani ukitumia sudo, kopi ni ya root, na baadaye ukitaka kuihariri unagonga mwamba. Ongeza -a ili mmiliki, ruhusa na tarehe vibaki kama vilivyokuwa. Ila kama faili ni la mtu mwingine, kulinda jina lake kunahitaji nguvu za root.

Ukipiga snepshoti
Hii inakloni eneo zima kwa mkupuo, na hapa ndipo penye hatari. Snepshoti inabeba kila kitu kama kilivyokuwa, makosa yakiwemo.

Mfano: Jumatatu faili lako la nywila lina ruhusa 644, kila mtumiaji wa seva anaweza kulisoma. Jumanne unalifunga kwa 600. Umelala usingizi mnono, kumbe ndani ya snepshoti ya Jumatatu bado liko wazi.

Ufanye nini?
• Funga folda inayotunza snepshoti kwa chmod 700, wengine wasiingie.
• Futa snepshoti za zamani usizohitaji.
• Badilisha nywila yenyewe. Kama kuna mtu alishaisoma, kufunga mlango sasa hakusaidii.

Ukihamishia kompyuta nyingine
Linux inamtambua mmiliki kwa namba, siyo jina. Kwenye Ubuntu, mtumiaji wa kwanza hupewa 1000. Ukipeleka snepshoti ya Btrfs kwenye mashine ambayo 1000 ni Juma, mafaili ya Amina yanageuka ya Juma. Andika ls -ln uone namba zenyewe, kisha rekebisha kwa chown kabla hujamruhusu mtu kuingia.