Maji ya Magadi kwa Bei ya Alkali

Neno alkali limetoka majivuni. Waarabu walichoma mimea ya ardhi ya chumvi, majivu yake wakayaita al-qali, wakayatumia kutengenezea sabuni na vioo. Wanakemia wa Ulaya wakalichukua neno hilo pamoja na "al" yake, na leo tunalikuta kwenye chupa madukani: maji ya alkali, yanayodaiwa kufukuza asidi mwilini na kusafisha damu. Lilipofika kwetu, tulikuwa na neno letu kitambo. Tulikuwa na magadi.

Aliyekula kande hahitaji kuelezwa magadi ni nini. Mpishi huyatia chunguni ili maharage yalainike upesi, na mkono ukizidi, chungu kizima kinanukia sabuni. Wanusao ugoro huyachanganya na tumbaku. Kenya wanayachimba katika Ziwa Magadi, na kusini kidogo ya hapo, ukishavuka mpaka kuingia Tanzania, liko Ziwa Natron. Natron ni jina la kale la magadi yayo hayo, yale Wamisri waliyokaushia maiti zao, na ndiko ilikotoka alama Na ya sodiamu. Maziwa mawili jirani, jina moja kwa lugha mbili. Kikemia, magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, yaani alkali isiyo na shaka yoyote. Lakini hebu andika "maji ya magadi" kwenye chupa, kisha uone nani atakulipa bei ya juu.

Pembeni ya alkali huandikwa pH, mara nyingi kwa tarakimu kubwa kuliko jina la maji yenyewe: 8.5, 9, hata 9.5. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na S. P. L. Sørensen, mwanakemia wa Denmark aliyekuwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na watengenezaji wa bia. Hueleza wingi wa ioni za haidrojeni, na kila hatua moja ni mara kumi. Jambo ambalo hakielezi ni akiba: maji hayo yataweza kupokea asidi kiasi gani kabla ya kusalimu amri?

Hapa ndipo Kiswahili chetu cha sayansi kinapotuangusha, maana neno "ualkali" tumelitwisha mizigo miwili. Muuzaji akilitamka anakusudia pH kubwa. Mtaalamu wa maji akilitamka anakusudia akiba hiyo ya kupokea asidi, ambayo huihesabu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita. Hivi ni vitu viwili, na vinaweza hata kwenda kinyume.

Tupige hesabu. Lita moja ya maji ya pH 9 yasiyo na bikaboneti ya maana ina haidroksidi ya kuzima mililita moja tu ya asidi ya tumboni yenye pH 2. Mililita moja! Sasa chukua nusu kijiko cha chai cha magadi soda, ile ya kuumulia maandazi, uikoroge katika glasi ya maji. pH yake itakuwa kama 8.3, chini ya ile ya chupa, lakini glasi hiyo inaweza kuzima zaidi ya lita mbili za asidi ileile. Ndiyo maana magadi soda hutuliza kiungulia. (Simshauri mtu aifanye kinywaji cha kila siku; sodiamu yake si rafiki wa mwenye shinikizo la damu.) Ningependa tuyatenganishe maneno: "ubesi" liwe la kile kinachoonyeshwa na pH, na "uhimili-asidi" liwe la akiba. Bila hivyo, matone ya rangi ambayo muuzaji huyatia majini yakageuka zambarau mbele ya wateja yataendelea kuonekana kama ushahidi, ilhali yanaonyesha ubesi tu, na akiba hayaigusi kabisa.

Neno jingine linalosafiri vibaya ni asidosisi. pH ya damu yenye afya ni kati ya 7.35 na 7.45. Ikishuka hadi 7.30, daktari ataiita asidosisi na atakuwa na haki ya kuhangaika, ingawa kwa mwanakemia damu hiyo bado iko upande wa besi. Istilahi ya daktari inataja mwelekeo: damu imesogea kutoka mahali pake kuelekea kwenye asidi. Muuzaji huisoma kana kwamba mishipani mnapita siki, halafu anakuuzia dawa yake. Lakini kazi ya kuirudisha damu mahali pake ni ya mapafu, yanayotoa kaboni dayoksaidi, na ya figo, zinazotunza bikaboneti. Maji ya pH 9, yakishapita katika asidi ya tumbo, hayana la kuongeza hapo.

Mengine tuyapite haraka. "Maji yenye ioni" ni maji yote, hata ya mtungini. "Maji yasiyo na kemikali" hayapo, kwa kuwa maji yenyewe ni kemikali. Na "maji ya oksijeni"? Lita moja ya maji kwenye nyuzi 25 hushika takriban miligramu 8 za oksijeni ya hewani, wakati pumzi moja ya kawaida huingiza zaidi ya miligramu 100 kifuani, tena mahali penye kiungo cha kuipokea.

Linalonikera zaidi ni kwamba alkali imefanywa cheti cha usalama katika Tanzania, nchi ambayo ina sababu ya kuitilia shaka. Kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru, maji mengi yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi na kuitua chini kama chumvi isiyoyeyuka; ikikosekana, floraidi hubaki majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima na mito ya Arusha, ikiwemo ya Maji ya Chai, hukivuka. Waliokulia huko wanayajua meno ya kahawia, na wengine mifupa iliyopinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika na kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Magadi yenyewe, yale ya chunguni, mara nyingi huja na floraidi yake pia.

Basi nikishika chupa naigeuza nyuma, kwenye jedwali la herufi ndogo, natafuta mstari wa floraidi. Ile 9 ya mbele hainiambii chochote kuhusu mstari huo.