Maji ya Kusafishia Mfereji wa Mzizi wa Jino

Mfereji wa mzizi ni njia nyembamba inayopitisha neva na mishipa ya damu hadi ndani ya jino. Jino likioza mpaka kiini chake kikafa, bakteria huingia humo na kujibanza katika vichochoro ambavyo chombo cha chuma hakifiki. Ndiyo maana, tangu karne ya 19, madaktari wa meno wamekuwa wakitafuta maji ya dawa yenye kazi tatu: kuua bakteria, kuyeyusha mabaki ya nyama ya kiini, na kuondoa unga wa jino unaobaki baada ya kukwangua. Hadi leo hayajapatikana maji yanayozimudu zote tatu peke yake.

Mwaka 1894, Mmarekani J. R. Callahan alieleza jinsi ya kufungua mifereji iliyoziba kwa asidi ya salfuriki. Asidi ilitiwa mferejini, kisha ikapozwa kwa baikaboneti ya sodiamu. Vitu hivyo viwili vilipokutana vilifoka povu, likapandisha uchafu juu hadi kwenye tundu la jino. Asidi hiyo, hata hivyo, ilikuwa hatari kwa tishu hai.

Dawa iliyodumu ilitokana na vita. Mwaka 1915, mkemia Mwingereza Henry Dakin alitengeneza haipokloriti ya sodiamu ya takriban asilimia 0.5, naye daktari wa upasuaji Alexis Carrel akaitumia nchini Ufaransa kuosha majeraha ya askari yaliyooza. Haipokloriti ni kemikali ile ile iliyomo katika dawa ya kung'arishia nguo. Madaktari wa meno waliichukua baada ya vita, na mwaka 1941 Louis Grossman na Benjamin Meiman walipolinganisha kemikali mbalimbali, waliona kuwa haipokloriti kali ndiyo iliyoyeyusha kiini cha jino vizuri zaidi. Miaka miwili baadaye Grossman alipendekeza itumike kwa kupokezana na haidrojeni peroksaidi, ili povu litoe uchafu. Utaratibu huo ulienea sana, ingawa peroksaidi na haipokloriti zikikutana hupunguzana nguvu.

Ulibaki unga wa jino, ambao haipokloriti haiuwezi. Mwaka 1957, Nygaard-Østby wa Norwei alileta EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu na hivyo kulainisha dentini, yaani sehemu ngumu inayouzunguka mfereji. Umuhimu wake ulidhihirika zaidi mwaka 1975, McComb na Smith walipotazama kuta za mifereji kwa darubini ya elektroni wakakuta utando wa unga huo uliofunika vitundu vya dentini. Utafiti wa mwaka 1983 uliofanywa na Yamada na wenzake ulionyesha kuwa EDTA ya asilimia 17 ikifuatiwa na haipokloriti ya asilimia 5.25 huuondoa utando huo.

Swali la haipokloriti iwe na ukali kiasi gani lilijibiwa kwa sehemu nchini Uswidi. Mwaka 1983, Byström na Sundqvist walithibitisha kuwa haipokloriti ya asilimia 0.5 huua bakteria zaidi kuliko maji ya chumvi. Mwaka 1985 hawakuona tofauti ya uuaji huo kati ya asilimia 0.5 na 5. Haipokloriti kali huyeyusha nyama haraka zaidi, lakini ikisukumwa kupita ncha ya mzizi huleta maumivu makali na uvimbe. Kwa hiyo sindano haipaswi kukwama mferejini, na maji husukumwa polepole.

Dawa nyingine, klorheksidini ya asilimia 2, haina ukali huo kwa tishu, na athari yake dhidi ya bakteria hudumu kwa muda. Upungufu wake ni kwamba haiyeyushi nyama. Tena, ikichanganyika na haipokloriti hutoa mashapo ya rangi ya kahawia yanayoweza kuziba vitundu vya dentini, hivyo mfereji lazima usuuzwe kabla ya kubadilisha dawa. Kwa sababu hizo haipokloriti imebaki kuwa dawa kuu ya kusafishia mifereji ya mizizi, EDTA ikiwa msaidizi wake mwishoni mwa kazi.