Maana ya "Karibu": Arua, Koboko na Historia ya Kuandika Vigezo vya Uchanganuzi wa Data

Tangu warsha ya Les Houches, Ufaransa, ya mwaka 2015, wanafizikia wa chembe wamekuwa wakibuni lugha mahususi za kueleza uchanganuzi wa data. Lugha mojawapo ni ADL, inayofasiriwa na programu ya CutLang. Ndani yake mtafiti hutaja vigezo tu: tukio lipi lichaguliwe na lipi likataliwe. Namna ya kukokotoa huachiwa kompyuta, hivyo mtafiti mwingine huweza kusoma vigezo hivyo na kuvijaribu upya. Makala haya yanaonyesha kwamba hitaji hilo lilikwisha kujitokeza West Nile katika utafiti wa limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto.

Katika Hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, daktari mmisionari E. H. Williams aliweka orodha ya wagonjwa. Mwaka 1967, yeye pamoja na Pike na Wright walichapisha uchanganuzi wa wagonjwa wa 1961–1965 katika wilaya ya West Nile, ambayo wakati huo ilijumuisha Koboko. Mbinu ya Knox ya mwaka 1964 humuunganisha kila mgonjwa na kila mwenzake kuwa jozi, kisha huhesabu jozi zilizo karibu kimahali na kiwakati kwa pamoja. Idadi ikizidi ile inayotarajiwa kwa sadfa, hoja ya maambukizi hupata nguvu. West Nile, ilizidi.

Hata hivyo, "karibu" ni kilomita ngapi, na siku ngapi? Tarehe ni ya dalili au ya utambuzi? Mwaka 1973, Brubaker, Geser na Pike hawakuona mkusanyiko kama huo North Mara, Tanzania. Bila vigezo kuandikwa, haijulikani kama kilichotofautiana ni ugonjwa au ni kipimo. Mwaka 1980, Siemiatycki, Brubaker na Geser waliweza kuzipitia upya data za zamani za Afrika Mashariki kwa sababu orodha zilikuwa zimetunzwa.

Suala hili lina uzito wa kisera. Koboko ilikuwa wilaya mwaka 2005, na Arua ikawa jiji mwaka 2020. Jina lilelile katika daftari halimaanishi tena eneo lilelile. Kwa hiyo, takwimu za afya zinapaswa kuhifadhiwa pamoja na vigezo vyake, vikiwa vimeandikwa kwa lugha inayosomeka na karani, daktari na kompyuta. Orodha isiyo na vigezo huwaachia warithi wake namba zisizolinganishika.